Bunduki nyepesi ya bolti: mtutu safi, kitako cha kukasirisha

Nyota mbili, na hizo mbili ni za mtutu. Uzito kamili, idadi ya risasi kwenye magazini na rangi zilizopo mtavikuta kwenye karatasi ya mtengenezaji, sitapoteza muda huko. Nataka kusema jambo moja ambalo karatasi hiyo imelinyamazia: sehemu ya mbele ya kitako inagusa mtutu. Nikisema kitako namaanisha kipande chote kinachobeba chuma, tangu begani hadi chini ya mtutu.

Hii ni bunduki ya chini ya kilo tatu kabla ya kufungwa darubini, na inauzwa kwa ahadi mbili kwa mpigo: kwamba utaibeba mawindoni siku nzima bila kuchoka, na kwamba italenga kwa usahihi wa dakika moja ya pembe, yaani karibu milimita 29 kwa mita 100. Ahadi ya pili ni ngumu kutimia kama mtutu hauelei. Kuelea maana yake mtutu usiguswe na chochote tangu unapotoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hadi mdomoni. Risasi inapopita ndani, mtutu hutikisika, na usahihi unatokana na mtikisiko huo kuwa uleule kila mara. Kitu kikiugusa, leo kwa nguvu, kesho kidogo, mtikisiko unabadilika na risasi inakwenda pengine. Mtutu mwembamba ndio unaoumia zaidi, na bunduki nyingi nyepesi zina mtutu mwembamba, maana huko ndiko gramu hupunguzwa kwanza.

Dukani, bunduki ikiwa imesimama rafuni, kipande cha karatasi kinapita kati ya mtutu na kitako bila kukwama. Hapo ndipo mnunuzi anaporidhika. Sasa ifunge miguu miwili ya mbele ya kuiegemezea chini, lala, egemea mbele kidogo kama afanyavyo kila mlenga shabaha, kisha mtu mwingine apitishe karatasi ileile, chemba ikiwa tupu na bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga chemba, imetolewa. Imebanwa! Ukikifungua kitako utaona sababu: plastiki tupu ndani, mbavu chache nyembamba, na inapinda kama ubua. Risasi za boksi moja, mita 100 zilezile, kundi la miguu miwili, yaani matundu ya risasi zilizopigwa kwa miguu hiyo, lilipanda juu kwa upana wa vidole vitatu. Mfuko wa mchanga ulipowekwa badala ya miguu hiyo, nyuma zaidi, chini ya skrubu ya mbele inayoshika chuma, kundi likarudi mahali pake. Hakuna kipimo kilicho wazi kuliko hicho. Ukivuta mkanda wa bega kwa nguvu ili ujitulize, plastiki hiyohiyo inavutwa upande mwingine na kundi linahama tena.

Vidole vitatu kwa mita 100 ni kama sentimita tano. Kwa mita 250 zinakuwa zaidi ya kumi na mbili. Kwa swala hizo zinatosha kuitoa risasi nje ya mapafu, na mnyama aliyejeruhiwa hivyo anaweza kufa polepole, mbali, kwa mateso. Ndiyo sababu silichukulii hili kama kasoro ndogo ya kuzoea.

Nikaipeleka kwenye dawati la huduma la waliouza. Fundi akaishika, akaipima kwa macho, akairudisha mezani. "Bosi, bunduki ni nzima. Wewe ndiye unayetetemeka." Nikamwomba apitishe karatasi tu, huku mwenzake akisukuma kitako juu kwa kidole gumba. Kazi ya sekunde kumi. Akasema hana muda wa michezo. Hakuuliza ilikuwa imeegemezwa wapi, skrubu zilikazwa kwa nguvu gani, wala risasi zilikuwa za uzito gani. Hakuna hata moja! Fundi wa silaha asiyeuliza maswali hayo matatu anauza tu, hatengenezi. Siku kadhaa baadaye ukaja ujumbe kwamba "kundi la risasi tatu liko ndani ya kiwango". La hasha. Kundi la risasi tatu haliwezi kuthibitisha kitu hicho. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Piga kumi kisha uone upana wa kweli. Na waliipiga kutoka kwenye mfuko wa mchanga, si kutoka kwenye miguu miwili, ambako ndiko niliwaambia tatizo liko.

Kwa aliyekwisha kuinunua, inarekebishika, na hili linanikasirisha zaidi, kwa sababu kiwandani lingegharimu vumbi la plastiki. Hakikisha haina risasi, toa bolti, tenganisha chuma na kitako. Chukua bomba au kijiti cha mviringo kinachozidi unene wa mtutu kwa milimita tatu hivi, kizungushie msasa, ukwangue mfereji sawasawa pande zote mbili. Nafasi ya karatasi moja haitoshi kwa plastiki laini. Acha angalau milimita moja na nusu kila upande. Lakini kukwangua peke yake kunaifanya plastiki iwe nyembamba zaidi, kwa hiyo jaza ule uwazi wa ndani: laza fimbo mbili za kaboni kwa urefu, zimwagie gundi ya epoksi. Plastiki hizi hazishiki gundi kirahisi. Zikwaruze sana, toboa vitundu vidogo kwenye mbavu ili epoksi ikapenye na kujifunga, futa mafuta yote kwanza. Uzito utaongezeka kidogo tu. Gundi isifike kwenye ule ukingo wa chuma ulio chini ya chemba unaopokea teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, wala kwenye matundu ya skrubu. Vipake nta kabla ya kuanza.

Kisha ukaze kwa bisibisi yenye kipimo, usikaze kwa kukisia. Kitako chenye nguzo za alumini kuzunguka skrubu huvumilia kama nyutoni-mita 7. Plastiki tupu isiyo na nguzo ibaki 4 hadi 5, la sivyo unaibonyeza na chuma kinapinda. Anza na skrubu ya mbele. Ukimaliza, weka ncha ya kidole pale mtutu unapokutana na mwisho wa kitako, mwenzako alegeze na kukaza skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unapanda na kushuka, chuma hakijakaa kwa utulivu na epoksi inahitajika chini yake pia. Kagua pia skrubu ya mbele ya kishikizo cha darubini: ikiwa ndefu kupita kiasi inagusa meno ya bolti, na bolti itakuwa nzito kufunga bila sababu inayoonekana. Ipake wino wa kalamu nchani, funga bolti, tazama kama wino umefutika.

Baada ya marekebisho hayo, lazima niseme ukweli, bunduki hii imebadilika kabisa. Bolti inateleza bila kukwaruza, ndoano ya kutoa ganda haijawahi kukosa, na risasi ya kwanza ya mtutu baridi inakwenda palepale siku baada ya siku. Kwa mwindaji hiyo ndiyo risasi yenye maana. Nikaanza kufikiria nyota nne.

Ila usiitazamie ifanye kazi ya bunduki ya mashindano. Mtutu mwembamba unapata joto haraka. Baada ya risasi tatu au nne za mfululizo kundi linaanza kutawanyika, na dawa ni kusubiri mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuutoa mkono. Anayetaka kupiga kumi bila kupumzika anunue mtutu mnene na akubali kilo zake. Kuhusu teke, hesabu haidanganyi: risasi ileile kwenye bunduki ya kilo 2.6 inarudisha nishati zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kilo 4. Kwa hiyo risasi za aina ya .308 au 6.5 Creedmoor zinavumilika, lakini .300 Winchester Magnum, yenye nguvu zaidi, itakufundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haitoki upesi. Shika sehemu ya mbele kwa mkono, usiiache ijirukie, maana bunduki nyepesi inasogea sana hata kabla risasi haijatoka mdomoni. Breki ya mdomoni, kifaa cha kufunga mwisho wa mtutu kinachoelekeza gesi pembeni, hupunguza teke, lakini huongeza kelele vibaya mno, na uzito wake unahamisha kundi. Lenga upya ukiifunga. Darubini ya karibu kilo moja usiifunge humu, utaua mizani yote uliyolipia. Kifyatulio nacho kilikuja kizito mno kwa bunduki nyepesi kiasi hiki, kwani nguvu ya kidole ikikaribia uzito wa bunduki, bunduki yenyewe ndiyo inayosogea. Karibu na kilo moja na robo panafaa, na skrubu ya kurekebisha ipo.

Nimesoma tena niliyoandika na nyota nne zimenitoka. Mtutu mzuri namna hii umefungwa kwenye plastiki isiyofaa, na waliopaswa kurekebisha wakamtukana mteja. Ukiweza kupata chuma chake peke yake, uweke kwenye kitako cha nyuzi za kaboni au cha mbao zilizobanwa kwa tabaka, nunua bila wasiwasi. Ikiwa ni lazima uichukue na plastiki yake, nenda dukani na karatasi mfukoni, uombe kukisukuma kitako kwa kidole gumba mbele ya muuzaji. Akikukatalia, mwachie bunduki yake.