Santuri za kantri za zamani: ununue zipi kwanza?

Anayeanza kukusanya santuri za kantri hapa Nairobi huulizia Jim Reeves kwanza, wala simlaumu. Wengi wetu sauti ile tuliikuta nyumbani. Ila zilizopendwa sana ndizo zilizochakaa sana, na Reeves aliimba taratibu, mdomo karibu na maikrofoni, kwa hiyo kila mkwaruzo unasikika. Ndiyo maana sikushauri uanze naye.

Chaguo langu la kwanza ni LP, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, za miaka ya 1970: Don Williams, Charley Pride, Dolly Parton, Kenny Rogers. Zilirekodiwa kwa stirio, yaani sauti ya njia mbili, tangu mwanzo, zikatoka kwa wingi, na safi bado zinapatikana bila kuumiza mfuko. Ukishika ya kampuni ya RCA ukaona ni nyembamba na inapindapinda, usiogope. Ndivyo zilivyotengenezwa wakati huo, na zinalia vizuri.

La pili ni Reeves mwenyewe, hasa matoleo ya kabla ya ajali ya ndege iliyomuua Julai 31, 1964. Hapa soma nambari kwenye jalada. RCA Victor ya Marekani iliandika LPM kwa mono, yaani sauti ya njia moja, na LSP kwa stirio. Yoyote kati ya hizo chukua. Ukikuta LSP imefuatwa na (e), hiyo ni mono iliyogeuzwa kwa mitambo ifanane na stirio, na sauti yake hutoka kana kwamba mtu anaimba ndani ya pipa. Iache hata kama inang'aa. Ile ya Krismasi ya 1963 nimeitafuta miaka mingi; kila ninayoipata imechoka.

Zinafuata zile ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Za Marekani zina tundu kubwa katikati, kwa hiyo ulizia pia kile kiplastiki cha kuliziba.

Uwe Kenyatta Market au kwa jirani anayehama, itoe santuri kwenye jalada kabla ya kulipa. Niliwahi kununua Skeeter Davis, nikafika nyumbani nikakuta ndani kuna kwaya nisiyoijua. Iinamishe juani uone mikwaruzo, kisha pitisha ukucha: ukikwama, sindano nayo itaruka. Muuzaji akiwa na mashine, omba akupigie wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza. Karibu na kitovu ndipo sauti huvurugika upesi ikiwa sindano mbovu zimeshapita hapo.

Za mizunguko 78 naziweka mwisho. Mistari yake ni mipana, inataka sindano nene, na zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Lakini ukirithi za Hank Williams usizitupe, na usizifute kwa spiriti, maana huyeyusha ule utomvu zilizotengenezewa. Kitambaa laini kikavu kinatosha.