Sola ya nyumbani: paneli sawa, betri ndiyo mtihani

Nilifunga sola hapa Bagamoyo baada ya kuchoshwa na mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Siku hizi kuna bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na makali yamepungua. Ila transfoma ya mtaani ikiungua, megawati hizo utazisikia kwenye taarifa ya habari tu, kama una redio ya betri.

Nilinunua seti nzima: paneli mbili za wati 200, betri ya jeli ya volti 12 (200Ah, yaani ampea-saa 200), kontrola ya chaji (inayosimamia betri isizidishiwe wala isiishiwe) na inveta ya wati 1,000 (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani). "Kaka, hii inabeba taa, tivi, feni mpaka friji," muuzaji akanihakikishia.

Paneli sina neno nazo. Zifute vumbi na chumvi ya baharini, zinapiga kazi. Kasheshe ni betri. Kwa hesabu ya dukani, 12 mara 200 ni wati-saa 2,400. Lakini betri ya aina hii ukiishusha chini ya nusu kila siku, unaiua mapema. Kwa hiyo cha kutumia ni kama 1,200, na friji ndogo kwa joto la Pwani inaweza kukaribia kuzimaliza kwa siku moja. Hilo dukani halikutajwa. Tena kompresa inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida: usiku inveta inapiga piii, taa nyekundu, giza.

Masika ndiyo usiseme. Wingu kutwa, asubuhi mita inasoma volti 11.6, yaani betri iko chini sana ya nusu, na hapo hata chai haijachemka.

Fundi mwingine alipofungua boksi, akakuta inveta imeungwa moja kwa moja kwenye betri, kontrola haina mamlaka ya kuikata, na inveta yenyewe haikati mpaka betri ishuke hadi volti 10.5. Nikarudi dukani na karatasi ya dhamana. Jibu: betri "imeshushwa kupita kiasi", dhamana haihusiki. Sasa waliounga hizo waya si vijana wao?

Friji nimeirudisha kwenye umeme wa LUKU. Sola inabeba taa, tivi, feni na ruta, na kwa hivyo haijaniangusha. Betri ijayo ni lithiamu, ambayo unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya uwezo wake bila presha; bei yake tu ndiyo inanichelewesha.

Nyota tatu kati ya tano, na zote ni za paneli.