Darasa la kuogelea pale Pirates: nimemaliza wiki 6, haya ndo maoni yangu

Haya wenzangu, mmenijazia inboksi kuhusu wale vijana wanaofunza kuogelea pale Pirates, ule ufuo wa umma wa Bamburi, Mombasa. Nimeenda wiki sita mie na mwanangu wa miaka 9, acha niseme nlichokiona.

Mie mtu wa Likoni, feri nimeivuka tangu niko mgongoni mwa mama, na mpaka juzi maji yakinifika kifuani naanza kupiga shahada. Cheka tu, ila siku moja uliza mle ndani ya feri wangapi wanajua kuogelea. Ile ya Mtongwe 1994 ilipozama walikufa watu 272, na haikuwa mbali na gati. Nyumbani kwetu somo lilikuwa moja tu, usiende baharini, basi.

Nlianza na hoteli moja sitaitaja. Elfu mbili kwa saa, kila mtu yake, na kufika naambiwa kwa nguo zile siingii, ninunue za pale dukani kwao ambazo bei yake ni kodi ya nyumba nusu mwezi. Nikageuza tuktuk.

Pale Pirates ni mia tatu, mtoto mia na hamsini. Saa za darasa hazina mpango maalum, wanakutumia kwa WhatsApp kufuata maji, na wiki ya bamvua, yaani yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, maji yakiwa yanatoka kwa kasi hawaingizi mtu hata ulilie, hapo ndo nikajua hawa wanaijua bahari.

Siku ya kwanza hamna mbizi wala mastaili. Unalala chali, mwalimu kakuwekea vidole viwili chini ya kisogo, unaambiwa jaza kifua pumzi na ulegeze shingo, maji ya chumvi yatakubeba yenyewe. Shingo yangu ilikuwa kama mwiko wa ugali! Siku ya tatu akavitoa vile vidole hakunambia, nikaja kushtuka kumbe naangalia mawingu peke yangu, na wallahi nlilia.

Vifaa vyao ni mitungi ya lita 5 ya mafuta ya kupikia, kifuniko kimekazwa, unaikumbatia unapiga miguu. Mwanangu kafunzwa mtu akizama umrushie mtungi au kamba, usimrukie, maana atakukwea kichwani mwende wote chini. Hilo peke yake mie nalilipia tena.

Sasa kasoro. Pa kubadilishia nguo hamna, ni leso mbili zimeshikwa na wenzio, na siku ya upepo ni sinema ya bure. Wanafunzi 14 kwa walimu wawili ni wengi mno, nlimwambia mkubwa wao akasema akipunguza watu bei itapanda, nimemwelewa lakini watoto ni watoto, ukifumba jicho hayupo. Laifu jaketi ziko nne na mbili mikanda imekatika, hizo watupe tu wasijidanganye. Na mwalimu wa kike ni mmoja, Jumamosi pekee, ndo maana akina mama wa mtaani kwangu wengi wamebaki ufukweni wanashika mikoba.

Nyota 4 kwa 5. Mkienda bebeni maji yenu ya kujimwagia, lile bomba la pale ni bahati nasibu.