Mwongozo wa iSupport: Unamfaa Mlezi wa Nyumbani Kuliko Mhudumu wa Makazi ya Wazee

Mwongozo wa iSupport ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaowatunza wagonjwa wa demensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee. Unapatikana bure kwenye intaneti, na anayependa karatasi anaweza kuuchapisha. Nimeutumia pamoja na familia zinazouguza wazee nyumbani na pia pamoja na wahudumu wa makazi ya wazee, na makundi hayo mawili hayakunufaika kwa kiwango kimoja.

Una masomo 23 katika sehemu tano, na kumi kati ya masomo hayo yanahusu mabadiliko ya tabia ya mgonjwa. Mgawanyo huo unaonyesha kwamba waandishi walijua kinachomchosha mlezi, kwa maana mara nyingi si kumwogesha mzee wala kumlisha, bali ni kujibu swali lile lile tangu asubuhi, kumzuia asitoke nje usiku wa manane, na kutuhumiwa kuiba fedha ambazo mzee mwenyewe amezificha chini ya godoro. Msomaji hupewa kisa kifupi, huulizwa angefanya nini, kisha huelezwa ni jibu lipi lenye manufaa na kwa sababu gani. Kwa mzee anayedai ameibiwa, mlezi anajifunza kuacha kubishana naye na kumsaidia kutafuta, jambo linaloonekana dogo mpaka utakapoliona likituliza nyumba nzima.

Masomo matatu yanamhusu mlezi mwenyewe, yaani kupunguza msongo, kutenga muda wa mambo yanayomfurahisha na kuyatazama matatizo kwa namna nyingine. Akina mama wengi niliosoma nao walikuwa hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama wanapata usingizi.

Udhaifu unajitokeza katika masomo ya usafi wa mwili, ambayo kwa sehemu kubwa yanamwazia mlezi mmoja mwenye uhuru wa kumhudumia mgonjwa wake. Kwetu kazi hiyo hugawanywa baina ya mabinti, wakamwana, wajukuu na dada wa kazi, na si kila mmoja anaruhusiwa kumgusa mzee. Kwa mila ya Wanyakyusa, kwa mfano, mkamwana alipaswa kumkwepa kabisa baba mkwe wake. Sasa nani atambadilisha nguo mzee huyo ikiwa mwanawe yuko kazini Dar es Salaam? Suala jingine ni uchawi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo, hata macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni yakihesabiwa kuwa ushahidi, na bibi anayezungumza na watu wasioonekana yuko hatarini zaidi. Toleo la Tanzania lingepaswa kulisema hili waziwazi, tena katika kurasa za mwanzo. Lingefaa pia kutaja utafiti wa wilaya ya Hai, uliokadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 au zaidi walikuwa na demensia, kwa kuwa bado wapo wanaoamini kwamba haya ni maradhi ya Wazungu.

Kwa wahudumu walioajiriwa, mwongozo huu ni nusu tu ya mafunzo. Unawajengea subira na lugha ya upole, lakini maandishi hayawezi kumfundisha mtu kumhamisha mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kujiumiza mgongo, wala kumgeuza asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulalia. Hayo yanahitaji muuguzi, kitanda na mazoezi ya mikono. Yanahitaji pia mwajiri anayekubali kwamba saa ya kusoma ni sehemu ya zamu, kwani mhudumu aliyekesha hawezi kujifunza kitu asubuhi.

Nakala tuliyotumia ni ya Kiingereza, hivyo ilitubidi kuisoma kwa sauti na kuifasiri papo hapo, jambo lililopunguza kasi ya darasa. Leseni yake inaruhusu kutafsiri na kurekebisha maudhui kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na kikundi chochote cha walezi chenye mtu mmoja hodari wa lugha kinaweza kuanza na yale masomo kumi ya tabia.