Nilinunua miungu saba wa bahati wa Kijapani, nikabaki na wawili

Seti ya kwanza niliinunua mtandaoni Desemba 2023, yeni 2,980 pamoja na usafirishaji: Shichifukujin, miungu saba wa bahati wa Wajapani, wote wamepanda jahazi lao dogo la hazina. Naishi Nagoya, Japani. Kazi yangu ni kusaka magari yaliyotumika minadani na kuyasafirisha Dar es Salaam, na ofisi nyingi ninazoingia nakuta kizee kinacheka juu ya kaunta. Nikaona na mimi niwe nao nyumbani, juu ya kabati la viatu pale mlangoni. Sikuwatafuta kwa ibada. Ukirudi usiku kwenye fleti unayoishi peke yako, si vibaya kumkuta mtu anacheka.

Nianze na lawama. Sanamu za bei hiyo ni za resini, inamiminwa kwenye kalibu kisha inapigwa rangi. Nilipofungua boksi, harufu ya rangi ndiyo iliyonipokea. Hilo liliisha baada ya wiki. Lisiloisha ni hili: hawa saba hutambulika kwa walichoshika. Ebisu ana fimbo ya kuvulia na samaki kwapani. Daikokuten ana nyundo ya mbao na gunia begani, kasimama juu ya marobota ya mchele. Bishamonten kavaa deraya na mkuki mkononi. Benzaiten, mwanamke pekee, anapiga biwa, ambayo ni ndugu wa mbali wa udi wetu wa taarabu. Hotei ana kitambi na mfuko, Fukurokuju kichwa kirefu, Jurojin anafuatana na kulungu. Kalibu ikiwa butu, yote hayo yanapotea. Biwa ya Benzaiten ilitoka kama mwiko. Mkuki wa Bishamonten ulipinda. Wale wazee wawili wa maisha marefu, Fukurokuju na Jurojin, ndio walionishinda kabisa: wote vichwa virefu, wote ndevu, na mnyama aliyekuwa miguuni ungeweza kusema kulungu, mbuzi au mbwa, na usikosee.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwa adabu zote za Kijapani kwamba tofauti ndogondogo ndizo uzuri wa kazi ya mkono. Kazi ya mkono, na mshono wa kalibu unaonekana ubavuni!

Nimtetee kidogo: wazee hao wote wawili wana asili ya Uchina na husemwa ni nyota ileile ya kusini, hata zipo orodha za zamani zilizomtoa Jurojin zikamweka mungu mwingine wa kike, Kichijoten. Kwa kweli mwenyeji wa Japani katika kundi zima ni Ebisu peke yake. Daikokuten, Bishamonten na Benzaiten walitoka Uhindi, Benzaiten akiwa ndiye Sarasvati, mungu wa kike wa Kihindu, na waliobaki ni wa Uchina. Wageni sita na mwenyeji mmoja katika jahazi moja, mtu wa pwani hashangai.

Basi, Januari mosi 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, tetemeko la Noto likapiga. Sisi Nagoya tulitikisika tu, maafa yalikuwa mkoa wa Ishikawa iliko Noto, lakini kabati langu liliyumba na mzee mmoja akaanguka kwenye sakafu ya vigae. Kichwa kile kirefu kilikuwa kizito kuliko mwili, kikakatika shingoni. Mungu wa maisha marefu hakumaliza hata mwezi. Na mpaka leo sijui aliyekufa ni yupi kati ya wawili wale.

Jozi niliyonayo sasa niliinunua Kanazawa miezi kumi baadaye, nilipokwenda kuangalia lori. Ni Ebisu na Daikokuten wa kaure ya Kutani, ile ya kuchorwa rangi ya mkoa huohuo wa Ishikawa, yeni 18,700. Wawili hawa huuzwa pamoja sana, mmoja wa wavuvi na wafanyabiashara, mwingine wa mchele na jikoni. Hapo nilijifunza namna ya kuchagua: usimwangalie usoni, kwa sababu usoni wote wanacheka. Mgeuze. Mgongo wa Ebisu huyu umechorwa kwa uangalifu uleule wa kifua, na joho lake limejaa vinundu vidogo vya rangi ya kijani cha bahari, kimoja kimoja, kwa safu. Ukivipitishia kidole unavihisi kama ngozi ya papa. Chini pana alama ya Kutani na tundu dogo la kutolea hewa, maana ndani ni mtupu, na bila tundu angepasuka tanuruni. Ule uzito wake mkononi resini haiwezi kuuiga.

Ukubwa wa sanamu za Kutani huandikwa kwa namba, na kila namba ni kama sentimita 3. Wa kwangu ni namba 4. Mimi nilipoona picha ya kwanza nilidhani ni wakubwa kama kuku, kumbe wanatosha kwenye kiganja. Pima kabati kabla hujalipa. Nunua pia vile vipande vya jeli vya kuzuia vitu visianguke kwenye tetemeko, vinauzwa bei ndogo na vinashika kweli. Vumbi hukaa katikati ya vile vinundu na kitambaa hakilifikii. Mimi natumia brashi laini ya kupakia poda.

Bibi jirani yangu, mzaliwa wa Osaka, alipoingia kuniletea machungwa alisimama mbele ya kabati, akawabadilisha nafasi bila kuniomba ruhusa, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Kwao ndivyo walivyowekwa. Kisha akagonga ubao mara mbili kwa kifundo cha kidole. Akanieleza kwamba Ebisu ana masikio mazito, na pale Imamiya Ebisu, hekalu lake la Osaka, kwenye sikukuu yake ya Januari 10, watu wakishaomba mbele huzunguka nyuma ya hekalu wakagonga ili wawe na hakika amesikia. Tangu siku hiyo na mimi nagonga nikitoka, kwa mazoea tu. Biashara iko vilevile, kama kuna anayetaka kujua.

Mama yangu Tanga aliwaona kwenye simu. Nilijiandaa kuhojiwa kuhusu masanamu, yeye akasogeza uso kwenye kioo: "Mwanangu, huyo mzee amekamata changu." Karibu sawa. Wajapani wanamwita tai, samaki mwekundu anayefanana na changu kwa sura, na jina lake linasikika ndani ya neno medetai, lenye maana ya heri, ndiyo sababu hakosekani kwenye sherehe. Nikamwambia Mama anaitwa tai, akacheka kuliko Ebisu.

Resini naipa nyota moja, ya jahazi, maana jahazi lilikuwa zuri. Kutani naipa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya fimbo ya Ebisu: inakuja peke yake imefungwa kwenye karatasi, kijiti cha mwanzi unachokichomeka mkononi mwake, na uzi wake ni wa kushonea, umebandikwa kwa gundi. Kwa sanamu ya bei ile! Ulitoka mwezi wa pili nilipokuwa nafuta vumbi. Nikakata mshipi mwembamba wa nailoni, wa kuvulia kweli, nikaufunga kwa fundo alilonifundisha baba ufukweni, na fundo hilo halijaachia.