Pipi za THC za Minnesota: pakiti safi, cheti hakieleweki

Pipi 10 za miligramu 5 za THC (kemikali ya bangi inayolevya), jumla 50 kwa pakiti: ndicho kikomo alichowekewa mtengenezaji wa pipi za hempu, mmea wa jamii ya bangi, na sheria ya jimbo hilo la Marekani tangu Julai 2022. Mnunuzi awe na miaka 21, na duka lisajiliwe na mji au kaunti, ambayo hulikagua. Zipu ya pakiti inamshinda mtoto, hapo safi. Kasoro ni cheti cha maabara: ukiskani msimbo wa pakiti, namba ya bechi (fungu la uzalishaji) inayotokea siyo iliyopigwa mhuri chini ya pakiti, maana yake hizo miligramu 5 hazina ushahidi. Rudisha. Ladha ya limau, na uchungu fulani wa majani mwishoni. Usiongeze pipi ya pili mpaka yapite masaa 2 tangu ya kwanza. THC ya kuliwa huchelewa kupanda kichwani, ndipo wengi huzidisha.