Santuri ya Roberto Carlos ya 1971: ina mkwaruzo, na siirudishi

Niseme mapema: si yule beki wa kushoto. Huyu ni mwimbaji, Wabrazili wanamwita O Rei, yaani Mfalme. Nilipoandika jina lake kwenye mtandao wa vitu vya mtumba, zilinijia jezi tupu kabla sijaona santuri hata moja.

Nimetoa euro 18, posta juu yangu. Tangazo lilisema haina mkwaruzo. Hapa Lisbon ilifika siku ya nne, imebanwa katikati ya kadibodi mbili, hapo sina neno. Kasoro iko kwenye wimbo wa kwanza kabisa, Detalhes, ambao ndio ulionitoa hela. Katikati sindano inaruka, tak, tak, na jamaa anarudia neno lilelile kama aliyesahau ubeti. Inauma, maana sauti yake ni ya chini, ya karibu, kama mtu anayeongea na mwenzake jikoni watoto wamelala. Muuzaji alinirudishia euro 6 bila kubishana.

Nikageuza upande wa pili. Wimbo wa pili unaitwa Debaixo dos caracóis dos seus cabelos, chini ya misokoto ya nywele zako. Kireno changu ni cha sokoni, nikajua ni mahaba tu. Dada wa Kibrazili ninayepanga naye akacheka: nywele hizo ni za Caetano Veloso, mwanamuziki mwenzake wa Brazil! Watawala wa kijeshi walimkamata mwishoni mwa 1968, kisha akaenda kuishi uhamishoni London. Roberto Carlos alimtembelea huko, na aliporudi akamtungia wimbo huu pamoja na Erasmo Carlos, mtunzi mwenzake tangu ujana. Wakauvika nguo za mapenzi, watu wakauimba. Na ukirudi upande wa kwanza, wimbo Como dois e dois kautunga Caetano mwenyewe.

Mimi nilimjua kama mtu wa mahaba na waridi anazowarushia mashabiki jukwaani, basi. Kumbe ni mtoto wa mji wa Cachoeiro de Itapemirim, Brazil, aliyekatwa mguu na treni akiwa na miaka 6, na mwaka 1968 akashinda tamasha la nyimbo la Sanremo huko Italia.

Wimbo I love you siupendi, nauruka. Todos estão surdos, ule wa kwaya, nimeusikiliza mara tatu leo.

Nyota nne. Detalhes nausikiliza kwenye simu.